Boksi la Chini ya Meza ya Salamu

Wanangu mliopokewa kazini mwaka huu, nyinyi wa simu mbili mkononi na vipaza sauti vidogo kama punje ya karafuu, nimetakiwa nikuandikieni historia ya redio yetu na idhaa zake. Nimekubali mbio mbio kabla hawajaghairi. Ila nakwambieni mapema, tarehe mie sizijui. Wenye tarehe wapo ghorofa ya juu, kaulizeni huko. Mie najua mambo mengine: nani alikuwa akikohoa kila taarifa ya habari inapoanza, mlango upi ulikuwa ukilia kama paka, na boksi gani lilikaa chini ya meza gani.

Historia kwa ufupi ni hii. Mwanzo ilikuwa redio moja, idhaa moja, na chumba kimoja kilichobandikwa magunia ukutani ili sauti isirudi. Joto lilikuwa la kupikia. Nimeona kwa macho yangu yai likiiva juu ya mashine ya kanda, na kama huamini basi nusu yake amini. Ikaja televisheni, ya rangi tokea siku ya mwanzo, wakati majirani zetu waliokuwa nayo bado wanatazama watu wa kijivu. Nyumba moja hapa Mpendae ilikuwa ikiingia watu mia tatu kuitazama, bila ya kuwahesabu waliokaa dirishani. Baadaye redio na televisheni zikaishi mbali mbali kama ndugu waliogombana, kisha zikapatanishwa zikawa shirika moja. Ikazaliwa idhaa ya pili, ya vijana, inayopiga ngoma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Na sasa ipo idhaa nyengine inayokaa ndani ya simu. Mjukuu wangu ameniwekea. Nikiigusa vibaya inanitolea mpira wa Ulaya.

Basi, historia imekwisha. Sasa tuzungumze.

Nilianza kazi nikiwa tarishi. Nikichukua kanda kutoka maktaba, naziteremsha studio, nazirudisha. Kanda za siku zile zilikuwa duara kubwa kama sinia la pilau, na mimi nikibeba kumi kwa mkupuo, wengine watakwambieni sita. Kusoma nilikuwa sijui. Nikizitambua kanda kwa rangi ya boksi na kwa doa la chai, na siku moja mtu mmoja alipobadilisha maboksi, tukaingia kwenye kipindi cha ukulima kwa kishindo cha beni ya polisi. Wakulima walipiga simu kusifu.

Baada ya siku hiyo ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni, skuli moja ya Mji Mkongwe, tukikaa kwenye madeski ya watoto wa darasa la pili. Magoti yangu yalikuwa yakigusa masikio. Nina ndevu, nina mke, nna mtoto mmoja na wa pili njiani, na nasoma 'baba ana kuku'. Lakini nilimaliza, na cheti changu nilikitundika ukutani na kukitazama mpaka msumari ukaota kutu.

Mkuu wa vipindi wakati huo alikuwa Bi Zuhura. Mwanamke mrefu, mwembamba, haongezi sauti hata nyumba ikiungua. Alinisikia ukumbini nikiwaigiza watangazaji kuwachekesha mafundi, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Nikajua nimefukuzwa. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua, nna cheti. Wiki ile ile nikakalishwa kwenye kipindi cha salamu.

Nyinyi salamu za kadi hamkuziwahi, kwa hivyo nikuelezeni. Msikilizaji alikuwa akinunua kadi dukani, anaandika jina lake na kwao, anaandika majina ya anaowasalimia, na chini kabisa mstari wa ujumbe. Anaitia posta. Kila Alkhamisi saa kumi za alasiri mtangazaji anazisoma moja kwa moja, anatia nyimbo katikati, na Unguja nzima inatega sikio kusubiri jina lake. Watu wakiacha vyungu vikiungua. Mtu akitajwa redioni alikuwa akipewa mkono mtaani siku tatu.

Bi Zuhura alinifundisha kazi hiyo kama mtu anavyofundishwa kuogelea, yaani kwa kusukumwa. Kadi usizishike kama karata, zitalia kwenye kipaza sauti. Urojo usile kabla ya kuingia hewani, pilipili itakuja kukudai katikati ya jina la mtu. Halua pia usile, ulimi utaganda. Maji yawe ya uvuguvugu. Kadi isome kimya mara moja, isome kwa midomo mara ya pili, ndipo uisome kwa watu. "Jina la mtu ni nyumba yake," akiniambia. "Usiingie bila ya hodi."

Na kadi ikishasomwa, hapo hapo mezani unaikata pembe moja kwa mkasi. Sisi tukiita kuikata sikio. Kadi yenye masikio manne bado haijasomwa, kadi yenye matatu imeshasomwa, na wala huhitaji daftari. Za masikio matatu zilikuwa zikienda kwa muuza njugu pale nje ya geti, anafungia njugu zake. Umma wa Zanzibar umekula njugu ndani ya salamu za watu miaka na miaka.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Cheti nilikuwa nacho, lakini mwandiko wa mwalimu ubaoni na mwandiko wa watu ni vitu viwili. Kadi nyingi zilikuwa na mwandiko mzuri, za makarani, za wanafunzi, za mabibi wa mjini. Hizo nilizisoma kama maji. Lakini zilikuja nyengine, herufi zimelaliana, mstari unapanda mlima, jina limekatika katikati. Wiki yangu ya pili nilikwama kwenye kadi kama hiyo, hewani, nikameza mate, nikarudia, nikakwama tena. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa akicheka mpaka anashika meza. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama mimi ndiye niliyeiuza Zanzibar.

Wiki ya tatu nikaanza kuzichambua kadi kabla ya kipindi. Zenye mwandiko wa kueleweka nikaziweka juu ya meza. Zenye kunishinda nikazitia kwenye boksi la sabuni chini ya meza, nikajiambia nitazisoma nikishazoea. Wallahi nia yangu ilikuwa hiyo. Lakini nilipozoea nilikuwa nshajulikana, nasalimiwa Darajani mpaka nakosa nafasi ya kununua samaki, na sauti yangu ilikuwa ikisikika Mombasa hata redio ikiwa imezimwa. Boksi nililisahau. Nilikuwa nikiliwekea miguu.

Ikaja masika moja ya mvua isiyo na adabu. Barabara za shamba zimekatika, mfuko wa posta haukuja, na Alkhamisi saa kumi kasorobo nikajikuta na kadi nne tu. Kanuni ya Bi Zuhura ilikuwa wazi kwamba kadi zikipungua piga nyimbo, uwaombe radhi wasikilizaji. Lakini mimi nusu saa yangu kuwapa waimbaji iliniuma. Nikainama, nikavuta boksi, nikapangusa vumbi. Kumbe kadi zile zile zilizokuwa zikinishinda, sasa nikizitazama nyingi nazisoma. Nikachota konzi moja, taa nyekundu ikawaka.

Ya tatu kutoka kwenye boksi ilisema hivi, na nimeihifadhi kichwani neno kwa neno: "Mimi Pandu wa Matemwe namsalimia mke wangu Mize popote alipo ingawa najua yupo jikoni. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Ujumbe: Mchuzi wa pweza wa juzi ulikuwa mzuri, sikusema."

Nikaisoma kwa madaha yote niliyojaaliwa. Nikakata sikio. Nikacheka kidogo hewani, nikasema jamani Bi Mize, chukua hiyo. Nikaweka santuri.

Wimbo haujafika nusu, nikamuona Bi Zuhura nyuma ya kioo. Hakugonga, hakupunga mkono. Alisimama tu mpaka nikavua visikilizi, ndipo akafungua mlango akaniambia nimalizie kwa nyimbo na nisitaje jina jengine la mtu. Simu ilikuwa imepigwa ofisini kwake kutoka Matemwe na mtu anaitwa Haji, kaka yake huyo Bi Mize. Alichosema Haji Bi Zuhura alinirudishia kama kilivyo:

"Pandu tumemzika, huu mwezi wa pili sasa. Dada yangu yuko edani. Nani kakupeni salamu zake?"

Wanangu, nimepata kuanguka na kanda kumi, nimepata kupiga beni kwenye ukulima, lakini siku ile ndiyo niliyojua kazi hii inaweza kumuingilia mtu nyumbani mwake na kumuumiza alipokaa. Mjane ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, watu wanamchungia mpaka maneno ya kusemwa mbele yake, na mimi nimemtia mumewe sikioni, anasifu mchuzi.

Nilimwambia Bi Zuhura nitaomba radhi hewani Alkhamisi ijayo. Alinitazama kama mtu anayetazama samaki aliyelala sokoni.

"Redio haikukosa," alisema. "Uliyekosa ni wewe. Nenda kwa miguu yako, na kadi ichukue."

Asubuhi yake nikapelekwa na gari ya kurikodia nje ya studio, matope mpaka kwenye vioo. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno. Nilikuwa nimeshaitazama kadi vizuri, muhuri wa posta ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Kwa hivyo hadithi ilikuwa tayari. Nitasema posta waliichelewesha, nasi ilitufikia juzi tu. Dereva akaniambia ni hadithi nzuri, haina pa kuvuja. Tukakubaliana kwamba posta wana dhambi nyingi, hii moja hawataiona.

Haji alinipokea barazani bila ya kunipa mkono. Akaniingiza ukumbini, nikakalishwa mkekani, na mbele yangu mlango wa chumba umeteremshwa pazia. Nyuma ya pazia alikuwamo Bi Mize na wanawake wawili watatu wazima wanaomkalia, maana mjane wa edani haonekani na mwanamme asiye maharimu wake. Nikatoa salamu. Zikarudi.

"Ndiye wewe Kombo wa redioni?" Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, kavu.

"Naam, bibi."

"Redioni sauti yako nzito. Hapa imekuwa nyembamba."

Ilikuwa kweli. Nikampa pole ya msiba, nikaomba radhi. Akaniacha nimalize zote, kisha akauliza, "Kadi unayo?"

"Ninayo."

"Ilikufikieni lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pahala pa hadithi ya posta. Nilifungua mdomo niitoe, na sijui niseme nini kilichonishika. Labda ni ule mstari, nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Niliuona mkono wenyewe, mzito, umeshika kalamu kama unashika jembe, kama wangu ulivyokuwa kwenye deski la mtoto.

Nikasema, "Bibi, kadi nilikuwa nayo mie. Miaka miwili. Mwandiko ulinishinda, na mie nimesoma ukubwani, nikaona haya kukwama mbele za watu. Nikaitia kwenye boksi. Kisha nikaisahau."

Haji akasimama. Nilidhani nimefika mwisho wangu na nikatafuta mlango kwa jicho.

"Haji, kaa," ikatoka nyuma ya pazia. Kisha nikasikia mtu anajigeuza kitandani. "Mwandiko wenyewe ulikuwa mbaya kiasi gani?"

"Bibi, kama kaa kapita juu ya unga."

Alianza kucheka mmoja wa wale bibi wazima, halafu wa pili, halafu yeye mwenyewe. Kicheko chake kikafika katikati kikabadilika, nasi tuliokuwa ukumbini tukatazama mkeka.

Alipotulia ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa akitoka kila alasiri anasema anakwenda masomoni, skulini, kwenye madarasa ya watu wazima. Mtu ana mvi, anasoma nini? Majirani wakamtia maneno kwamba kijiji cha pili kuna mwanamke. Alipomuuliza, Pandu akasema subiri, nitakuandikia kwa mkono wangu na utajisikia redioni kwa jina lako. Basi Bi Mize akawa kila Alkhamisi, akirudi kwenye mwani wake na nguo mbichi, anaiweka redio karibu na jiko. Alkhamisi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Miezi. Mwisho akamwambia muongo. Pandu akaapa kwamba aliipeleka. Akaambiwa muongo mara ya pili, mbele ya watu. Tokea hapo hakuapa tena, na masomoni hakwenda tena.

"Kafa hajalisema tena," alisema Bi Mize. "Na mie sikumuuliza tena."

Kisha kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe akaongeza, "Na ule mchuzi ulizidi chumvi. Aliula wote."

Akaitaka kadi. Haji akaichukua kwangu akampitishia chini ya pazia. Bi Mize kusoma alikuwa hajui. Akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamwambia mstari wa pili, mwanzo wa jina ni kama vilima viwili vimeshikana. Nikamsikia ananong'ona, mmoja, wa pili, anatafuta kwa kidole. Kisha akanyamaza, nikajua amelipata.

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya miguu niinuke.

"Humo kwenye boksi lako wamo wangapi?"

"Wengi, bibi. Sijawahesabu."

"Basi wangapi wanaitwa waongo majumbani mwao?"

Nimefanya kazi chini ya wakuu tisa, nimehudhuria semina ambazo chakula chake peke yake kingelisha jeshi, na sijapata kuulizwa suala zito kuliko hilo.

Nikarudi mjini, nikamueleza Bi Zuhura kila kitu, pamoja na boksi. Hakunifukuza. Alilivuta boksi kwa mguu mpaka katikati ya ofisi, akasema, "Zote." Lakini kabla ya kadi kusomwa ilikuwa lazima tumpelekee sheha wa kila kijiji majina, atujulishe nani yu hai, nani amefariki, nani amehama. Kadi za marehemu hazikwenda hewani, zilirudishwa mkono kwa mkono kwa jamaa zao, na mchukuzi nilikuwa mimi. Nimeingia nyumba za Unguja hii mpaka mbwa wa Fumba walikuwa wakinijua kwa jina.

Walio hai niliwasomea, kila Alkhamisi kumi kumi, na kabla ya kila moja nikisema kwamba kadi hii ilifika kwa wakati wake na kosa la kuchelewa ni langu. Mwanzo ulimi ulikuwa mzito. Bwana mmoja wa Fumba alipiga simu analia, maana mamake aliyesalimiwa bado yuko hai na alikuwa akimlaumu kwa kumsahau. Mwengine alipiga simu akinisihi yake nisiisome abadan, kwani aliyemsalimia kwa maneno matamu siye aliyemuoa. Hiyo nilimrudishia, akaichana mbele yangu na kunipa juisi ya miwa. Na nilikwama, wanangu. Nilikwama hewani mara nyingi, narudia, natamka herufi moja moja. Fundi mitambo alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa ananisaidia kusoma kutoka nyuma ya kioo, anatamka kwa midomo bila ya sauti.

Ilichukua muda kuliko nilivyodhani. Boksi halijafika chini, posta ikaleta kadi kutoka Matemwe. Mwandiko, subhanallah. Kaa yule yule, ila huyu alikuwa mgonjwa. Niliifunua nikakaa chini. Ilisema: "Mimi Mize wa Matemwe namsalimia Kombo wa redioni popote alipo. Nimeandika mwenyewe. Ujumbe: Boksi limefika wapi?"

Eda ilikuwa imekwisha zamani. Haji baadaye aliniambia dada yake alikwenda skulini siku ya pili baada ya kutoka ndani, akaliomba deski alilokuwa akikalia Pandu. Hakupewa, lilikuwa limevunjika. Akakalia la jirani.

Nikaisoma hewani, nikamjibu hewani kwamba limebaki kimo cha vidole vinne. Mwezi mmoja baadaye likawa tupu. Bi Zuhura akaligeuza juu chini mbele yangu, akalipiga kitako, akampa muuza njugu.

Nyinyi boksi hamna, nalijua hilo. Ujumbe unakuingilieni kwa elfu, idhaa zote kwa pamoja, hata kabla kipindi hakijaanza, na haiwezekani kuusoma wote. Sikulaumuni. Lakini najua pia kwamba mnachagua. Mnachukua ulioandikwa vizuri, wenye mzaha, wa mtu mwenye jina, na ule wa herufi zilizolaliana mnaupitisha juu kwa kidole gumba. Mie nilikuwa nikitumia mguu.

Siku niliyostaafu nilizisoma kadi zote zilizobaki mezani, nikazikata masikio, nikakabidhi mkasi. Ile ya Bi Mize tu sikuikata, ingawa niliisoma. Iko studio ya salamu, ukutani kulia ukiingia, ndani ya fremu ya cheti changu cha masomo ya jioni, maana cheti nilikitoa nikaitia hiyo. Watu hudhani ni pambo. Ukipita isogelee uitazame pembe zake, utaona ina masikio yote manne. Bado inauliza, na sasa inakuulizeni nyinyi.